Rangi ni Shahidi Mwongo: Kuwapambanua Nyoka wa Sumu wa Ihanda na Karagwe

Katika kata ya Ihanda, wilayani Karagwe, ambako migomba na mibuni hukulia kibanja kimoja, na matandazo ya nyasi na majani makavu hulazwa chini yake ili ardhi isipoteze unyevu, mkulima hana budi kila siku kutia mkono na mguu mahali ambapo jicho halijatangulia. Huinama kupalilia maharage, hufunua matandazo apate kupanda, huinua gogo la mgomba ulioanguka, hukusanya kuni, na jioni hupita njia nyembamba ya majani kwenda kuteka maji bondeni penye mafunjo. Mahali pote hapo pana panya, vyura na mijusi, na penye hao aghalabu nyoka hakosi, kwa kuwa ndipo riziki yake ilipo. Mvua za vuli zishukapo kuanzia Septemba, na zile za masika kuanzia Machi, vyura hutoka mafichoni, kazi za shamba huzidi, na njia ya mtu na njia ya nyoka hukutana mara nyingi.

Wahenga walinena kwamba mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kauli hiyo yaeleza bayana tabia ya hofu, ambayo haiwezi kupambanua kitu na mfano wa kitu. Mbele ya mtu aliyefazaika nyoka wote ni mmoja: mla mayai, ambaye kinywa chake hakina jino la kumdhuru mtu, huuawa kwa kosa la kufanana na mwenye sumu, na mwenye sumu ya kusimamisha pumzi hupuuzwa kwa sababu ni mwembamba, au ni mdogo, au hana rangi ya kutisha. Kosa la kwanza hugharimu uhai wa kiumbe mwenye manufaa. La pili hugharimu roho ya mtu.

Nakusudia katika makala haya kueleza jinsi nyoka wafananao wa nchi ya Karagwe na jirani yake Kyerwa wanavyopambanuliwa, alama zipi ni za kuaminiwa na zipi hudanganya, na mpaka wa ilimu hiyo ni upi kwa mtu asiye mtaalamu. Ilimu hii ina daraja mbili, ya mkulima na ya mwanazuoni. Ya mkulima hukusanywa kwa mbali, kwa kutazama umbo, mwendo na mahali. Ya mwanazuoni hudai nyoka awe mkononi, na magamba yake yahesabiwe moja baada ya moja. Achanganyaye daraja hizo mbili hujitia katika hatari ambayo hata mabingwa hawakusalimika nayo, kama tutakavyoona mbele.

Kifutu na wanaomfanana

Tuanze na kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, maana ndiye aliyeenea Tanzania karibu yote isipokuwa ndani ya misitu minene na juu ya milima mirefu kabisa. Mwili wake ni mnene na mfupi, urefu wake aghalabu haufiki mita moja au huipita kidogo tu, kichwa chake ni kipana na shingo yake ni nyembamba. Mgongoni ana safu ya alama zenye umbo la herufi V, zinazofuatana kutoka shingoni hadi mkiani, ncha zake zikielekea nyuma. Rangi yake hubadilika mahali kwa mahali, huku manjano, kule kahawia, kwingine kijivu, lakini alama hizo hubaki. Amtazamaye kwa rangi atakosea. Amtazamaye kwa unene, kichwa na alama za mgongo atapatia.

Hatari ya kifutu imo katika utulivu wake. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha mguu hukimbia, walakini yeye hutegemea kufichika kwake, hukaa bila kutikisika hata mtu amkanyage, ndipo huuma kwa kasi isiyoweza kuepukwa. Akitambua kuwa ameonekana hupuliza pumzi kwa sauti nzito, na asikiaye sauti hiyo katika majani ana wasaa wa kurudi nyuma. Jike huzaa watoto walio hai, aghalabu 20 hadi 40 kwa mzao mmoja, na kila mtoto huzaliwa na chonge zake na sumu yake, basi udogo wa kifutu si dalili ya usalama.

Kifutu huyu ana jamaa wawili wakubwa, wakazi wa misitu minene inayotoka Kongo na Uganda hadi pembe ya Tanzania iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, pembe ambayo msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, ni hazina yake mashuhuri kwa mimea na wanyama wa asili ya Kongo. Wa kwanza ni kifutu wa Gabon, ambaye mgongo wake umepangwa maumbo ya pembe nne mithili ya zulia lililofumwa kwa ustadi, na kichwa chake ni cheupe kama jani kavu lenye mstari mmoja mwembamba mweusi katikati. Chonge zake hufikia urefu wa sentimeta 5, na hakuna nyoka mwingine duniani mwenye chonge ndefu kama hizo. Wa pili ni kifutu mwenye pembe, ambaye juu ya pua yake zimesimama pembe ndogo mbili au tatu, na kichwani ana alama nyeusi ya mshale uelekeao mbele. Kwa mwanazuoni hawa watatu ni jinsi tatu mbalimbali. Kwa mkulima ni onyo moja tu, madhali wote ni wanene, wote hukaa kimya katika majani makavu, na wote sumu yao huvimbisha na kuharibu nyama ya kiungo kilichoumwa.

Mfanano wenye mafunzo zaidi ni wa wadogo wawili. Kifutu mdogo wa usiku, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Causus rhombeatus, ana alama ya V kichwani na madoa ya pembe nne mgongoni, hula vyura, na sumu yake huleta maumivu na uvimbe ingawa aghalabu haiui. Nyoka mla mayai, wa jinsi ya Dasypeltis, hana sumu kabisa, walakini amevaa karibu mavazi hayo hayo: V shingoni, madoa mgongoni, na akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake yenye kukwaruza hata yatoe sauti kama ya kifutu apulizaye. Watu wengi wamefundishwa kwamba nyoka wa sumu hutambulikana kwa mboni iliyosimama wima, na kwamba mwenye mboni ya duara hana neno. Kanuni hiyo katika hawa wawili hugeuka juu chini, kwani mwenye sumu ndiye mwenye mboni ya duara, na mla mayai asiye na sumu ndiye mwenye mboni ya wima. Fauka ya hayo, swila wote na koboko, ambao sumu yao ndiyo ya kuogopwa mno, wana mboni za duara. Basi na iachwe kanuni hiyo. Imewahadaa wengi, na yeyote aliye karibu na nyoka kiasi cha kuiona mboni yake amekwisha kuvuka mpaka wa usalama.

Swila wawili na koboko

Katika nyoka warefu weusi, kosa lililoenea ni kumwita kila mmoja koboko. Koboko aghalabu si mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu, au kahawia, au kijani cha zeituni, na weusi wake umo ndani ya kinywa, ambao huonekana anapokipanua kwa kutishia. Ni nyoka mwembamba, mrefu kupita mita mbili na mara nyingine tatu, mwenye kichwa kirefu chembamba na magamba laini, na mwendo wake ni wa kasi huku akiinua sehemu ya mbele ya mwili. Hupenda nyika kavu yenye vichuguu, mapango ya mawe na miti yenye mashimo, kuliko mabonde ya majimaji.

Mweusi hasa wa vibanjani ni swila. Hapa wako wawili wa kupambanuliwa, na tofauti yao ina uzito mkubwa. Swila atemaye mate, kwa utaalamu Naja nigricollis, ni mweusi au wa kijivu, koo lake lina ukanda mpana mweusi, na mara nyingi ndani ya weusi huo hupita mkanda mwekundu au wa rangi ya waridi, unaoonekana akisimama na kutanua shingo. Huishi katika vichuguu na mashimo, na huyakaribia makazi ya watu kwa ajili ya panya na kuku. Hurusha sumu yake hewani umbali wa mita mbili hata tatu, akilenga macho ya amtishaye. Swila wa msituni hatemi. Sehemu yake ya mbele aghalabu ni kahawia, na kadiri uendavyo nyuma huzidi kuwa mweusi wenye kung'aa, tumbo na koo lake ni la manjano lenye mikanda myeusi, na midomoni ana mistari myeusi na myeupe iliyosimama wima. Hupenda misitu, vichaka vya bondeni na maji, huogelea vyema, na hula vyura na samaki pia. Kwa hiyo, akinamama wachotao maji penye mafunjo, na vijana wavuao samaki katika mabonde yaelekeayo Mto Kagera, huyu ndiye wa kumtazamia, ilhali aliye ghalani na bandani kwa kuku yamkini ni yule wa kutema.

Rangi hapa nayo haitoshi, kwani wapo swila wa msituni weusi mwili mzima, na wapo watemao waliopauka. Wanazuoni wenyewe walichukua muda mrefu kupambanua. Tangu mwaka 1857 swila wa msituni wa Afrika alipopewa jina na Edward Hallowell, alihesabiwa kuwa jinsi moja kutoka Senegali hadi pwani yetu. Mwaka 2018 Wolfgang Wüster na wenzake, baada ya kulinganisha magamba, rangi na chembe za urithi, walionyesha kuwa jinsi hiyo moja ni tano, na yule wa Afrika Mashariki akatengwa kwa jina la Naja subfulva. Ikiwa macho ya mabingwa wa makumbusho yalidanganyika kwa zaidi ya karne moja na nusu, mkulima aliyemwona nyoka kwa nukta chache majanini asilaumiwe kwa kutojua jina lake. Imtoshe kujua kwamba shingo iliyotanuka ni ya swila, na kwamba mahali pa kusimama ni mbali, uso ukiwa umegeuzwa pembeni.

Wa kijani, na ajali ya Chicago

Juu ya migomba na mibuni huonekana nyoka wa kijani, na hapa wasio na hatia ndio wengi. Nyoka wembamba wa vichakani, wa jinsi ya Philothamnus, ambao huwinda vyura na mijusi, hawana sumu ya kumdhuru mtu, na aghalabu hawafiki urefu wa mita moja. Lakini mavazi hayo ya kijani huvaliwa pia na wawili wenye kuua. Wa kwanza ni yule ajulikanaye duniani kwa jina la Kikaburu la boomslang, ambaye hutambulikana kwa jicho kubwa mno katika kichwa kifupi, na magamba yenye mstari ulioinuka katikati. Wa pili ni jamaa wa koboko, wa kijani, mkazi wa misitu ya magharibi ya Ziwa Viktoria, mwenye kichwa kirefu, magamba laini na mkia mweusi.

Boomslang huthibitisha tena kwamba rangi ni shahidi asiyefaa, maana dume huweza kuwa kijani na jike aghalabu ni kahawia, na watoto wao ni wa kijivu wenye macho ya kijani kibichi. Mtaalamu humtambua kwa hesabu: safu za magamba katikati ya mwili wa boomslang ni 17 hadi 21, ilhali za nyoka wa kijani asiye na hatia ni 13 au 15. Ni hesabu ya haki, lakini haihesabiki bila ya kumshika.

Thamani ya tahadhari hiyo ilidhihirika tarehe 25 Septemba 1957, katika jumba la makumbusho ya viumbe huko Chicago, Marekani. Karl Patterson Schmidt, mwanazuoni wa nyoka ambaye miongo kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameandika juu ya reptilia waliokusanywa Kongo na Herbert Lang na James Chapin kati ya 1909 na 1915, aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ya mji huo ili amtambue. Alimdhania kuwa boomslang, lakini gamba linalofunika tundu la haja, ambalo alilitazamia liwe limegawanyika, lilikuwa zima, akaingiwa na shaka. Alipokuwa akimchunguza nyoka akamwuma kidole gumba, na chonge moja tu ikaingia kidogo. Schmidt hakuifanya ajali hiyo kuwa nzito; alirudi nyumbani, akaandika kwa utaratibu dalili zote zilizompata, kichefuchefu, homa, damu kutoka kwenye fizi, na siku ya pili yake akafariki. Mwaka 1975 Robert Mertens wa Ujerumani, bingwa mwingine wa fani hiyo hiyo, aliumwa na nyoka wake mwembamba ajifananishaye na kijiti kikavu, jamaa wa boomslang, akafa baada ya siku 18.

Watu hao walikuwa na maarifa ambayo wengi wetu hatutayafikia. Walilopungukiwa ni umbali, na umbali mkulima wa Ihanda anao bila ya kwenda chuoni.

Mweusi mdogo wa ardhini

Yupo mmoja ambaye kwake hata ustadi wa mkono haufai. Mvua ikinyesha usiku, hutoka ardhini nyoka mdogo mweusi au wa kahawia iliyokolea, anayeng'aa, mwenye kichwa kisichotofautiana na shingo, macho madogo kama tundu la sindano, na mkia mfupi uishiao kwa ncha. Wataalamu humwita Atractaspis. Nyoka wengine kadhaa wasio na sumu wana umbo na rangi hiyo, na watoto humwokota wakidhani ni mmoja wao. Chonge zake huweza kutokea ubavuni mwa kinywa kilichofumbwa, na kwa sababu hiyo hakuna namna salama ya kumshika, hata nyuma ya kichwa, mahali ambapo kila mshika nyoka hushika. Kanuni yake kwa wazazi ni fupi: nyoka yeyote mdogo mweusi aonekanaye baada ya mvua asiguswe, awe hai au amekufa.

Shahada ya mwili

Aliyekwisha kuumwa hana haja ya kumfukuza nyoka ili amtambue, na wala jamaa zake wasimfukuze, kwani aghalabu amfukuzaye naye huumwa, na mgonjwa aliyekuwa mmoja huwa wawili. Tabibu ana shahidi mwingine aliye mkweli kuliko rangi, naye ni mwili wa mgonjwa. Uvimbe unaopanda upesi, maumivu makali na malengelenge huelekeza kwa kifutu au swila atemaye. Kope zinazoanguka, ulimi unaokuwa mzito, mate yasiyomezeka na pumzi inayopungua huelekeza kwa swila wa msituni au koboko. Damu isiyoganda, inayotoka kwenye fizi na katika jeraha la zamani, baada ya saa nyingi za utulivu wa uongo, huelekeza kwa boomslang. Kwa dalili hii ya mwisho ipo njia rahisi isiyohitaji mtambo: damu kidogo huwekwa katika kichupa cha kioo kikavu na safi, ikaachwa bila ya kuguswa kwa dakika 20, kisha kichupa huinamishwa; ikiwa damu bado ni majimaji, sumu imekwisha kuvuruga mgando wake.

Kupambanua huko kuna faida, maana dawa si moja. Seramu itengenezwayo Afrika Kusini kwa kumzoeza farasi sumu kidogo kidogo huzikabili sumu za vifutu wakubwa, swila na jamaa ya koboko. Haifai kwa boomslang, ambaye ana dawa yake peke yake, wala haikuundwa kwa Atractaspis. Seramu yenyewe huweza kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafula, na kwa hiyo hutolewa hospitalini tu, na tabibu aliye tayari.

Kabla ya kufika huko, mgonjwa na alazwe, atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla kiungo hakijavimba, kiungo kifungwe gango kisitikisike, naye achukuliwe bila kukawia. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza, na kubandika jiwe hakuondoi sumu, bali huongeza jeraha na kupoteza saa zenye thamani. Aliyetemewa machoni na aoshwe kwa maji safi mengi mara moja. Akiweza, aliyekuwa karibu na aeleze umbo, unene, mahali na saa ya tukio, au alete picha iliyopigwa kwa simu toka mbali; maelezo hayo humtosha tabibu.

Jambo hili si dogo wala si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na aghalabu ni wakulima na watoto wa nchi za joto. Mwaka 2017 shirika hilo liliyatia madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatangaza azma ya kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Azma hiyo haitatimia mijini kwenye makaratasi; itatimia katika kata kama Ihanda, mahali ambapo jembe na nyoka hukutana.

Kwa hiyo nashauri mambo ambayo hayagharimu mali nyingi. Kila zahanati na kila shule ya msingi ya Karagwe na Kyerwa na iwe na picha kubwa ukutani za nyoka hawa, mwenye sumu akiwekwa kando ya amfananaye asiye na sumu, ili mtoto azoee kutazama umbo la kichwa, unene wa mwili na alama za mgongo kabla ya rangi. Mkulima na avae viatu vya mpira, afunue matandazo kwa mti mrefu kabla ya mkono, na atembee na taa usiku. Panya wapunguzwe ghalani, maana awafukuzaye panya amemfukuza na swila. Na nyoka aonekanaye njiani akienda zake aachwe aende, maana akipita bila ya kuguswa, awe mwenye sumu au asiwe nayo, hamdhuru mtu, na kazi yake ya kuwala panya wanaoila mavuno yetu huendelea shambani bila ya ujira.